Wimbo Tunaujua, Mpigaji Hatumjui

Hamjambo Buyenzi, hamjambo Bwiza na Nyakabiga, mitaa yetu ya Bujumbura, hamjambo na nyinyi wa ng'ambo ya Rusizi, mnaotunasa kule Uvira siku ambazo redio zenu zimeamka vizuri.

Leo naanzia mbali. Palikuwa na kundi la vijana wa Kiingereza likiitwa The Tremeloes, watu wa Dagenham, viungani mwa London. Mwanzoni mwa mwaka 1962 kampuni ya santuri ya Decca iliyapima makundi mawili, hilo la Dagenham na jingine kutoka Liverpool. Ikalichukua la Dagenham, lile la Liverpool ikalirudisha kwao. Lililorudishwa liliitwa The Beatles. Kisa hicho wapenzi wa muziki huko kwao wanakisimulia mpaka leo na kucheka. Wasichokisimulia sana ni hiki: mwaka 1968 hao Tremeloes walitoa wimbo uliofika nafasi ya 14 katika chati za Uingereza, na wimbo wenyewe haukuzaliwa Dagenham wala London. Unaitwa Helule Helule. Ulizaliwa Nairobi, na mtunzi wake ni Daudi Kabaka.

Sasa wewe mzee wangu uliye barazani hapo na kahawa yako, usiniambie humjui Kabaka. Huenda jina limekutoka, lakini Msichana wa Elimu utakuwa uliucheza, na kama hukuucheza basi ulipigwa kwenye harusi yako. Kabaka alizaliwa Kyambogo, Kampala, mwaka 1939, akaja kufanya jina Nairobi, akafariki mwaka 2001. Ndiye aliyeichukua twisti, ile iliyovumishwa Marekani na Chubby Checker mwaka 1960, akaipa kiuno cha huku. Wimbo wake mmoja anauita hivyohivyo, African Twist. Na ule wa Harambee Harambee ulisikika katika redio ya taifa ya Kenya miaka nenda miaka rudi, hata ukawa kama ndugu wa taarifa ya habari.

Lakini leo sikuja kumsifu Kabaka. Wa kumsifu wapo. Nataka tutazame nyuma ya mgongo wake, pale waliposimama wapigaji.

Nyuma yake ilikuwepo Equator Sound Band. Haikuwa bendi ya ukumbini kama zile mnazozijua, yenye mashabiki wake, sare zake na ugomvi wake na bendi jirani. Ilikuwa bendi ya studio. Studio ya Equator pale Nairobi ilikuwa chini ya mzungu mmoja, Charles Worrod, na kina Kabaka walikuwa wanamuziki wake. Humo alikuwemo Fadhili William, kijana wa Kitaita. Alikuwemo Gabriel Omolo, ambaye baadaye miaka ya 70 alitikisa Afrika Mashariki nzima na Lunch Time, wimbo wa wafanyakazi wa mjini na namna kila mmoja anavyoimaliza saa yake ya mapumziko ya mchana. Walikuwemo pia Wazambia wawili, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Hawa wawili ni wa kuangaliwa sana. Twisti ya Nairobi ukiisikiliza vizuri si ya Marekani mtupu. Ndani yake kuna mdundo wa kusini, ule wa kwela, muziki wa filimbi za bati uliokuwa ukivuma Afrika Kusini na kupanda hadi Rhodesia. Mdundo huo haukuruka hewani ukatua River Road, Nairobi. Uliletwa na watu, na baadhi yao ni hao.

Kazi ilikwenda hivi: leo anaimba Kabaka, wenzake wanampigia, kesho anaimba Fadhili, na Kabaka yumo katika waitikiaji. Keshokutwa Nashil Pichen anaongoza, magitaa ni yaleyale. Santuri inatoka ikiwa na jina la aliyeimba siku hiyo. Ukizipanga mezani utadhani una wasanii wanane tofauti, kumbe ni chumba kimoja, watu walewale, wamebadilishana kipaza sauti.

Shikeni hapo, maana naenda London mara moja na kurudi.

Miaka hiyohiyo London kulikuwa na vijana wakijiita mods. Suti zimebana, nywele zimechongwa, usafiri wao skuta za Kitaliano, na chakula chao cha usiku ni santuri za soul kutoka kwa Wamarekani weusi. Walikuwa na bendi zao. Moja iliitwa The Action, na hiyo haikuwa bendi ya kubahatisha: mtayarishaji wake alikuwa George Martin, yuleyule aliyewatayarishia The Beatles. Ilitoa santuri zake kadhaa kati ya mwaka 1965 na 1967, chini ya lebo ya Parlophone, na hakuna hata moja iliyoingia chati. Bendi ikafifia. Nyimbo ilizorekodi mwishoni, mwaka 1967 na 1968, zikakaa kabatini mpaka miaka ya 90. Halafu watu wakaanza kuwarudia. Mwaka 1980 ilitoka sahani kubwa iliyokusanya zile santuri ndogo, na maneno ya jaladani yaliandikwa na Paul Weller, aliyekuwa akitamba na kundi lake la The Jam. Leo The Action wana heshima ambayo hawakuipata walipokuwa vijana.

Kwa nini nawasumbua na mods wa London? Kwa sababu ya jambo moja tu. Hiyo ni bendi iliyoshindwa, tuseme ukweli. Haikuuza. Na bado mimi hapa Bujumbura naweza kuwatajia nani alifanya nini. Aliyeimba ni Reggie King. Magitaa, Alan King na Pete Watson. Besi, Mike Evans. Ngoma, Roger Powell. Mpiga besi wa bendi ambayo haikuingia chati hata siku moja, namtaja kama jirani yangu wa avenue ya pili.

Haya, chukua santuri ya Equator, ile iliyouzwa Kenya nzima, Uganda, Tanganyika mpaka kwetu. Isome. Kuna jina la wimbo, jina la mwimbaji, jina la lebo, namba, upande A au B. Aliyepiga besi? Aliyepiga solo? Karatasi ile ina upana wa kiganja cha mtoto, nafasi ipo, ila haikuandikwa.

Ndiyo maana nasema Buyenzi hatuhitaji kugundua upya nyimbo hizi. Waingereza walizipoteza santuri za The Action wakabaki na majina. Sisi nyimbo tunazo, zimo harusini, zimo kwenye teksi, zimo kwa fundi cherehani. Waliotupotea ni wapigaji wenyewe.

Na tulizipataje? Hili napenda kulikumbusha, hasa kwa vijana wanaodhani muziki wote hushuka kutoka kwenye simu. Mtaa wetu huu wa Buyenzi Wabelgiji waliupima kwa kamba, barabara zimenyooka na kupewa namba, wakawaweka humo Waswahili: watu wa Ujiji, Wamanyema, watu wa Tanganyika, wafanyabiashara na mafundi na maaskari wa zamani, na wenyeji waliokuja kuishi nao. Mji ulikuwa bado ni Usumbura. Bujumbura ni jina la uhuru, mwaka 1962. Na tumbo la mji lilielekea ziwani. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na Wabelgiji baada ya vita ile ya kwanza wakapewa na Waingereza sehemu zao bandarini, Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo yao ipite. Kitambaa, sukari, baiskeli, chumvi, vyote vilishuka Kigoma, vikapakiwa melini, vikaja kwetu. Aliyekuja na meli hakuja mikono mitupu. Anayetoka Kigoma ana ndugu Buyenzi, na ndugu hupelekewa zawadi.

Halafu redio. Usiku, masafa mafupi, Dar es Salaam ilikuja, Nairobi ilikuja, Lubumbashi ilikuja ikiwa bado Élisabethville, na kina Mwenda Jean Bosco na gitaa lao la vidole viwili wakiimba Kiswahili cha Katanga. Mji mzima wa Bujumbura ulicheza twisti ya Nairobi. Buyenzi ilicheza na kuelewa maneno. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na tusione haya kuisema.

Sasa twende na safari ya jina. Nimezunguka siku hizi kwa wanaotunza sahani za zamani, na nimeona jina la mwanamuziki linavyokufa kwa awamu.

Kwenye santuri, jina la mwimbaji lipo, nimeshasema, wengine hawapo. Miaka ya 70 na 80 zikaja kaseti. Mwenye redio kaseti mbili ananakili kutoka santuri ya jirani, anachukua kalamu, anaandika kwenye karatasi ya ndani: Kabaka, Fadhili, Mbaraka, Cuban Marimba. Mara nyingine anaandika Twisti za Nairobi, basi. Namba ya santuri imeanguka hapo. Kaseti hiyo inanakiliwa tena, karatasi ya ndani hainakiliwi. Halafu vita vikaja. Baada ya mwaka 1993 watu walikimbia na kifurushi kimoja, na sijamsikia aliyeacha blanketi akabeba santuri. Leo nenda sokoni Ruvumera, kwa kijana mwenye kompyuta na spika mbili. Mpe fleshi yako, mwambie akutilie zilipendwa. Atakutilia nyingi, kwa bei ya chai na andazi. Fika nyumbani ufungue. Track 07. Track 08. Zilipendwa Mix. Old Tanzania, na anayeimba humo ni Mkenya aliyezaliwa Uganda, na anayemwitikia ni Mzambia.

Simlaumu kijana. Yeye kapewa hivyo. Ila kati ya lebo ya Equator na Track 07 hapakupita moto wala gharika. Palipita wavivu wa kuandika, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa wapenzi wa muziki.

Niwaoneshe kitu kimoja kwa karibu. Karibu na gereji zetu, kule ambako magari yanafunguliwa mpaka unajiuliza kama yatafungwa tena, kuna fundi wa redio. Jina lake ameniomba nisilitaje, anaogopa kuletewa mizigo. Ana mashine ya santuri aliyoifufua mwenyewe. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ulikuwa umekatika, na mkanda mpya wa mashine kama ile utautafuta mpaka uchoke, basi amekata mwingine kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Unazunguka, hakuna neno. Lakini nilipomwekea santuri ya Kabaka niliona sauti imepanda kidogo, Kabaka kama amerudi darasa la sita.

Fundi hakubishana. Alichana kipande cha karatasi, akakibandika pembeni mwa sahani, akatoa simu, akaweka saa. Kila karatasi ilipopita kwenye sindano alihesabu moja. Sahani hizi ndogo zinatakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika. Yake ilifika 47. Akavua mkanda, akaunyoa ukingo kwa wembe, akaurudisha, akahesabu tena. Ilipotulia kwenye 45 Kabaka alirudi kuwa mtu mzima, na besi, ambayo mwanzo ilikuwa ikitetemeka kama panya darini, ikashuka mahali pake. Ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza kwa kweli. Ni mpigaji asiyejionesha. Anakaa kwenye sauti mbili tatu, anamwachia mwenye solo barabara yote, halafu kila mstari unapokwisha anapanda ngazi fupi na kumrudisha mwimbaji nyumbani. Huyo mtu ana jina. Mama yake alimpa.

Kwa kuwa nimeshaingia kwa fundi, niseme na la matumizi, maana najua zimo nyumba zenye masanduku. Kama una sahani zile nzito za zamani, za mizunguko 78, zinazovunjika zikianguka, usizisafishe kwa spiriti. Zile zimetengenezwa kwa lakiri, na spiriti inailainisha, utakuwa umeufuta wimbo kwa mkono wako. Kitambaa laini na maji kidogo, usilowanishe karatasi ya katikati, ukaushe. Hizi ndogo za plastiki ni ngumu zaidi, lakini joto ni adui yake. Usizilaze moja juu ya nyingine chini ya bati. Zisimamishe wima, kama vitabu. Na lebo, ile karatasi ya katikati, ipige picha kwa simu leo, kabla mchwa hajaipitia.

Narudi kwenye twisti. Msidhani wakati ule kila mtu alifurahi kuona vijana wakijipinda. Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulianzisha Operesheni Vijana mwaka 1969: suruali za kubana marufuku, sketi fupi marufuku, nywele za bandia marufuku, krimu za kujichubua marufuku. Mwaka huohuo soul ikapigwa marufuku katika madansi ya Dar. Fikirini. London wazazi wananung'unika juu ya mods na suruali zao, Dar es Salaam vijana wa chama wanashika doria kutafuta suruali hizohizo. Na katikati ya wote hao kuna kundi la Dagenham linaimba wimbo wa Nairobi. Dunia ilikuwa ndogo kabla ya intaneti, ilikuwa inakwenda polepole tu.

Hapo sasa nataka nilinganishe mambo mawili, na yote mawili ni ya wageni kuchukua kwetu.

La kwanza ni hilo la Helule Helule. Tremeloes waliuchukua, wakauongezea maneno yao na sauti zao za kupangana, wakauza. Lakini jina la Kabaka liliandikwa miongoni mwa watunzi. Sitaki kuipamba biashara ya wakati ule, najua wanamuziki wetu wengi walikufa maskini huku nyimbo zao zikizunguka. Hata hivyo jina limeandikwa, na jina likiandikwa kuna pa kuanzia madai.

La pili ni letu hasa, la Burundi. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hii, zikiwemo ngoma za mfalme, na kampuni ya Ufaransa ya Ocora ikautoa kwenye sahani kubwa. Kazi nzuri, ya kitaalamu. Mwaka 1971 kipande cha ngoma zile kikachukuliwa, kikapachikwa piano na magitaa, kikatoka Ufaransa kwa jina la Burundi Black, kikaingia hadi chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, akaziweka ngoma zilezile chini ya wimbo wake wa The Jungle Line. Mwaka 1980 ikawa mtindo kabisa London: Adam and the Ants, Bow Wow Wow, wapiga ngoma wawili jukwaani, na magazeti yakauita mdundo wa Burundi. Mtindo mzima wa vijana wa Kiingereza uliosimama juu ya mikono ya Warundi.

Nani walikuwa wakipiga siku ile mbele ya mashine ya Vuylsteke? Sahani inasema Burundi. Nchi nzima ndiyo mpigaji. Ni sifa, ukitaka kuiona hivyo, lakini nchi haina mjane wala watoto wa kudai chochote. Mwaka 2014 UNESCO iliziandika ngoma zetu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Waliopiga mwaka 1967 na wajukuu wao labda walishangilia pia, katika umati.

Kwa upande mwingine, msanii wetu Khadja Nin alipouchukua wimbo wa Stevie Wonder uitwao Free na kuuimba kwa Kiswahili, Sina Mali, Sina Deni, mwenye wimbo alitambuliwa. Kuchukua si dhambi. Muziki wote umechukuliwa, hata Kabaka alimchukua Chubby Checker.

Na mfano wa jina linavyopiganiwa mnao wenyewe, mnauimba. Malaika. Fadhili William aliurekodi na kundi lake la Jambo Boys, lebo ikaandika jina lake. Halafu wakajitokeza wengine wakisema ni wetu: Adam Salim wa Tanzania, Grant Charo, Lucas Tututu wa Mombasa. Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, pesa zikatembea, na ubishi haujaisha hadi leo, Fadhili mwenyewe akiwa amefariki tangu mwaka 2001, mwaka uleule wa Kabaka. Mimi simo katika kesi hiyo. Ninachokiona ni kwamba watu wanagombea jina la mtunzi miaka 60, na hakuna hata mmoja anayeuliza gitaa lile la mwanzo, linaloingia kabla hata hujajua ni wimbo gani, limepigwa na nani.

Kuna wanaofanya kazi hii, na tuwape haki yao. Mjerumani Werner Graebner amekusanya muziki wa pwani na wa Tanzania katika mfululizo wa Zanzibara unaotolewa Ufaransa. Toleo la tatu, la mwaka 2007, ni la dansi ya Tanzania ya miaka ya 60. Waingereza wa Soundway walitoa Kenya Special mwaka 2013. Nasikia watu wetu wakilalama kwamba wazungu wanatuuzia vyetu. Malalamiko yana msingi, na bei zao zinauma. Lakini fungua kijitabu kilichomo. Mtu alipanda basi, akamtafuta mzee Mombasa, akaketi naye, akamuuliza alipiga nani. Sisi mzee huyo yuko nyumba ya tatu, tunampita tukienda Ijumaa, tunamsalimia shikamoo na kuendelea.

Na Buyenzi wazee hao wamo. Si kwamba walikuwa Equator, hapana. Ila wamo waliopiga dansi za mji huu, waliokwenda Kigoma na kurudi na gitaa, waliobeba maspika ya bendi za Kongo zilipopita hapa, waliouza santuri, waliokuwa wakiomba nyimbo redioni kwa barua na kutaja majina ya wapigaji bila kukosea. Kichwani mwao kuna maktaba ambayo haina nakala. Ukimkuta mzee, usimuulize enzi zenu mlikuwa mnapiga nini. Atakwambia tulipiga sana, basi mmemaliza. Mwekee wimbo. Simamisha kwenye solo. Muulize, huyu nani? Nimeona mtu asiyekumbuka alichokula mchana akimtaja mpiga gitaa, kijiji chake, na deni analomdai.

Basi, mtambo uko tayari. Tunaanza na Helule Helule ya Nairobi, kwenye mizunguko 45 kamili, fundi amehakikisha. Halafu ya Dagenham, msikie walichokifanya. Punguzeni moto wa maharage, mwiteni babu asogee. Akianza kutaja watu, chukueni kalamu, na mkituletea hapa studio tunaomba jina kamili na alipiga chombo gani, maana kina Juma wa gitaa Afrika Mashariki hii ni wengi.